Mchora Migongo ya Karata

Mwalimu alikuwa mzee wa kanisa aliyekula kwa jasho la kuchora karata za kubashiri, na hakuona ubaya wowote, kwa sababu yeye alichora migongo tu. Upande wa mbele, kwenye picha za wafalme, mashetani na watu walioning'inizwa kwa mguu mmoja, hakuangalia. Alimwambia hivyo kila aliyemuuliza, na wengi ambao hawakumuuliza. "Dhambi iko mbele," alisema. "Mimi niko nyuma." Ungemwona kwenye kibanda changu pale Ngara, koti la suti juu ya sweta, miwani imeteremka puani, karata zimelala kifudifudi mbele yake, ungeapa kwamba anasahihisha mitihani.

Kibanda ni changu, na kazi yangu ni kuchapisha: kadi za harusi, programu za mazishi, kalenda za chama cha akina mama. Karata zilikuja na Mama wa Spring Valley. Namwita hivyo kwa sababu ndivyo Mwalimu alivyomwita akiwa hayupo. Akiwepo alimwita Madam, tena akisimama. Alikuwa mjane, wa zile familia za kahawa za Kiambu zilizokuwepo kabla jiji halijazifikia. Aliolewa vizuri, akabaki na nyumba kubwa, bustani, na asubuhi nyingi zisizo na shughuli. Marafiki zake wa Loresho walimpeleka kwenye darasa la kutuliza mawazo, na huko akakutana na karata za taroti, sabini na nane kwa pakiti, ambazo watu huzivuta moja moja ili wajue wafanye nini na maisha yao. Alizipenda zote ila rangi zake. Basi akaniletea michoro ya mistari myeusi mitupu, nikamchapishia kwenye karatasi ngumu, akaenda kupaka rangi mwenyewe kwa mkono, picha baada ya picha, akarudi nazo nimkatie.

"Huku nyuma sasa nataka kitu yangu," aliniambia. "Si hizi za duka, kila mtu ako nazo. Unajua mtu wa kuchora?"

Nilimjua. Alikuwa ameketi nyuma yangu akinywa chai yangu.

Niseme mapema jambo ambalo Mwalimu hakulisema kamwe: alimpenda yule mama. Ngara yote ilijua, kuanzia muuza mapazia wa mkono wangu wa kulia hadi fundi wa simu wa kushoto. Siku ambazo mama alitarajiwa, tai ya Mwalimu ilikuwa imepigwa pasi, na mwanamume anayepiga pasi tai peke yake hana la kuficha tena. Tatizo lilikuwa Kanada. Watoto wa mama wote walikuwa huko, na kila walipopiga simu walimbembeleza auze nyumba akaishi nao. Mwezi huu alikuwa anakwenda, mwezi ujao haendi, na sisi tulijua msimamo wa siku hiyo kwa kutazama tu jinsi Mwalimu alivyoshika kikombe. Mwalimu naye alikuwa mjane wa miaka mingi. Hakukuwa na mtu wa kumzuia kusema, na alichohitaji kusema kilikuwa kifupi.

Na si kwamba alikuwa bubu. Mwalimu alikuwa na maneno kuliko redio. Kanisani, akiombwa kufunga ibada kwa sala, akina mama wenye uzoefu walivua viatu kwanza ili miguu isife ganzi. Aliombea serikali, mvua, wagonjwa, wanaosafiri, wanaotarajia kusafiri, na wale waliokataliwa viza. Alikuwa na usemi kwa kila jambo na aliutoa bila kuombwa. "Rangi haina haraka, ni wewe una haraka." "Mtu akikuambia hana shida, ficha chai." Mtu akimwonyesha kazi mbaya, hakusema ni mbaya. Alisema, "Umejitahidi kununua karatasi." Lakini mbele ya Mama wa Spring Valley maneno yote hayo yalikwenda likizo, akabaki na "Ndiyo, Madam" na "Bila shaka, Madam," mpaka fundi wa simu akawa anatoka nje ili acheke vizuri.

Alikuwa amefundisha sanaa katika shule za jiji maisha yake yote ya kazi, na jambo moja alilolichukia darasani lilikuwa kunakili. Wanafunzi wake wa zamani, watu wazima wenye vitambi, walipita kibandani na kunisimulia jinsi alivyochana michoro yao kwa sababu ilifanana na ya jirani. Kwake, miti miwili inayofanana ilikuwa uongo. Mungu hakuumba hivyo, kwa nini wewe mtoto wa darasa la sita? Mtu wa aina hiyo ndiye tuliyempa kazi ya kuchora mgongo mmoja mara sabini na nane.

Matokeo yalikuwa kama alivyo. Mama alipokuja kuchukua pakiti yake ya kwanza, Mwalimu aliipanga juu ya meza kwa fahari, na kila mgongo ulikuwa na ua lake. Waridi, alizeti, ua la mchungwa, ua la kunde, mengine sikuyajua na sidhani kama yako duniani. Hakuna lililofanana na lingine. Yalikuwa mazuri hata muuza mapazia aliacha wateja wake akaja kutazama.

Mama aliziangalia kwa muda, akaweka mkono kifuani.

"Mwalimu. Ni nzuri sana. Lakini sasa nitazitumia aje?"

"Kuna kasoro, Madam?"

"Migongo lazima ifanane. Zikifanana ndiyo unavuta bila kujua ni gani. Sasa hii ya alizeti, nikiiona tu kwa nyuma najua ni gani iko mbele."

Mwalimu alitoa miwani. Nilimwona anafikiri kwa bidii na kwa nia njema kabisa.

"Samahani, Madam, mimi si mtaalamu," alisema. "Lakini nilidhani anayebashiri ndiye anatakiwa kujua."

Mama akacheka, akacheka hadi akashika meza, na machozi yakamtoka. Mwalimu hakuelewa alichosema, lakini aliuona uso ule unacheka kwa sababu yake, na nadhani siku hiyo ndiyo mambo yalimharibikia kabisa. Mama aliichukua ile pakiti hivyo hivyo. Alisema ataiweka sebuleni, wageni waione, akaagiza nyingine.

Ndipo mwalimu aliyechana madaftari ya watoto kwa kosa la kunakili akaanza, uzeeni, kujinakili mwenyewe. Alijifunza pia sharti la pili, ambalo lilimuudhi zaidi: mgongo wa karata za aina hii lazima uonekane ule ule hata ukigeuzwa juu chini. Karata ikitoka kichwa chini ina maana nyingine, kwa hiyo mvutaji asijue mapema imelalaje. Kila kilichokuwa juu kilitaka mwenzake chini. Mwalimu alilalamika siku nzima kwamba hiyo si sanaa, hiyo ni ukarani. Kesho yake akaja na picha ya eksirei ya goti lake la kulia, akaikata kwa wembe, akatengeneza kiolezo. Plastiki ya eksirei hainyonyi rangi wala haikunjiki, alinieleza, na goti lenyewe daktari alikwisha kulikatia tamaa. Alichora matawi mawili ya mti wa kahawa, moja likitazama juu na moja chini, majani ya kijani kibichi na matunda mekundu. Kiolezo kilimpa majani. Matunda aliyaweka mwenyewe kwa ncha ya brashi, moja moja, kwa sababu alisema lazima kuwe na mahali ambapo mtu amepita.

Hakuna aliyemwambia achore kahawa. Alikumbuka tu kwamba mama aliwahi kutaja shamba la baba yake. Mama alipoiona alipitisha kidole juu ya tunda moja bila kuligusa. "Hii ndiyo yangu," alisema. Hiyo ikawa pakiti yake ya kila siku, na kwa kiasi Mwalimu alichokuwa na uwezo nacho, ilikuwa barua. Tatizo la barua za Mwalimu ni kwamba zilikuwa na majani na matunda na hazikuwa na neno hata moja.

Sifa zilisambaa. Wale marafiki wa Loresho nao walitaka migongo yao, na hapo nilijifunza mengi kuhusu matajiri. Mmoja alitaka jina lake. Mwingine alitaka mwezi, kisha akataka mwezi ambao hauonekani sana. Mmoja alileta picha ya mbwa wake, mbwa mdogo mweupe mwenye utepe, na kusema anamtaka huyo kwenye kila karata. Mwalimu alimkumbusha sharti la juu na chini. Mteja akasema hajali, fundi ni Mwalimu, atajua. Basi Mwalimu akachora kwa uaminifu mbwa mwenye vichwa viwili, kimoja juu, kimoja chini, vimeungana kiunoni, vyote vina utepe. Mwenye mbwa alipofungua kanga iliyofunika karata alipiga kelele hadi fundi wa simu akaangusha bisibisi.

"Ni nini hii? Ni pepo?"

"Ni mbwa wako, mama," Mwalimu alimjibu kwa upole. "Nimemheshimu pande zote mbili."

Kanisani habari zilifika, kama habari zinavyofika kanisani. Mzee mwenzake, mtu mnene aliyestaafu bandarini na kufanya uchunguzi wa maisha ya wengine kuwa kazi yake ya pili, alikuja kibandani akijifanya anataka bei ya kadi za harusi. Aliona karata mezani, akazitazama kwa pembe ya jicho.

"Mwalimu, si hizo ni za uganga?"

"Ni karatasi ngumu na rangi ya maji."

"Na huko mbele kuna nini?"

"Sijawahi kutazama. Wewe ungependa kutazama?"

Yule mzee alirudisha mkono wake mfukoni. "Hapana. Hapana, mimi siwezi."

"Basi tuko sawa," Mwalimu alisema. "Wote wawili tumeona migongo tu. Ukiniripoti, jiripoti na wewe." Hatukusikia tena habari za uchunguzi, na kadi za harusi za binti wa yule mzee nilizichapisha mimi, tena kwa bei nzuri.

Sasa, mtu anaweza kufikiri kwamba Mwalimu alikuwa mwoga. Sivyo. Alikuwa jasiri mahali pasipohitaji ujasiri. Tukienda mjini pamoja kununua wino, tukivuka mzunguko wa Globe kwa miguu na kuingia River Road, alisimama mbele ya kila bango la duka lililoandikwa vibaya na kumwita mwenye duka nje. Alimweleza kwamba herufi zake zimelewa. Wengine walimtukana, wengine walimpa brashi, na mmoja alimpa soda na kiti, naye Mwalimu akairekebisha "Hoteli" yote palepale juani. Askari wa jiji walimjua. Mtu huyo huyo alitembea hadi Spring Valley mara moja tu, kupeleka pakiti iliyokuwa imekamilika kabla ya wakati, ingawa mama angekuja mwenyewe Alhamisi. Alivaa suti ya Pasaka. Aliniambia anakwenda kwa sababu karata zinaharibika zikikaa kwenye vumbi la Ngara, na mimi nikamwambia ni kweli, vumbi letu ni baya sana.

Alirudi mapema kuliko nilivyotarajia.

"Haya, Mwalimu. Nyumba iko aje?"

"Geti ni jeusi."

"Na ndani?"

"Sikuingia. Madam alitoka mwenyewe hadi getini. Alisema karibu chai." Alianza kufuta viatu vyake, ambavyo havikuwa vichafu. "Nikamwambia nimeshukuru, mzigo umefika. Sikutaka kumsumbua."

Nilimkasirikia, na ninasema hivyo waziwazi. Nilitaka kumpiga na rula yangu ya chuma. Mwanamke anatoka nyumbani kwake, anapita bustani nzima, anafungua geti kwa mkono wake na ana mlinzi, anasema karibu chai, na wewe unamwambia mzigo umefika! Nilimwambia hivyo, karibu kwa maneno hayohayo. Alinisikiliza hadi mwisho kisha akasema kwamba mlima una njia nyingi. Nikamwambia njia zote zinataka mtu aanze kupanda.

Mama naye alifanya yake. Alituletea maparachichi ya bustani yake, akiyafunga kwenye gazeti, akisema ni yangu na watoto wangu, kisha akimpa Mwalimu lile kubwa. Alikaa kwenye kibanda kile chenye harufu ya wino muda mrefu kuliko mteja yeyote anavyohitaji kukaa. Aliuliza maswali ya rangi ambayo majibu yake aliyajua. Mara nyingi alikuwa akianza hivi: "Mwalimu, nikiuza ile nyumba..." halafu anamwangalia. Na Mwalimu anainama juu ya karata kana kwamba kuna sisimizi amepita.

Mwaka ule migongo ya kahawa ilianza kuchakaa. Mama alikuwa amezishika karata hizo kila siku hadi kingo zikawa nyeupe. Alizileta zipakwe upya, na safari hiyo hakukaa. Alibaki amesimama, mkoba begani.

"Nimechoka na hii story ya Canada," alisema. "Watoto wananiambia hivi, dada zangu hivi. Sasa nimeamua. Hizi zikiwa ready, nitavuta moja kila asubuhi hadi Jumapili. Vile zitasema, ndivyo nitafanya. Zikisema niende, naenda. Zikisema nikae, nakaa na hakuna mtu ataniambia kitu."

Mwalimu aliinua kichwa. Nilisimamisha mashine.

"Na kama ungeuliza mtu, Madam?"

"Mtu gani?" Mama aliuliza haraka. Alimtazama usoni, na hakuwa akitabasamu.

Mwalimu alitazama brashi yake. "Yeyote," alisema. "Mchungaji, kwa mfano."

Mama alisimama kidogo zaidi. Kisha akasema asante, atafikiria, akaenda. Muuza mapazia, ambaye alikuwa amesikia kila kitu kupitia bidhaa zake, alitoa sauti ya mtu aliyekanyagwa.

Siku mbili baadaye nilitoka kwenda mjini kununua wino mweusi. Niliporudi, Mwalimu alikuwa amezigeuza karata zote. Zilikuwa zimetazama juu, zimejaa meza nzima na nyingine ziko juu ya mashine yangu, na yeye amesimama katikati yake, leso mdomoni, miwani imepanda juu kama anavyoivaa akisoma maandiko madhabahuni. Miaka yote ile hakuwahi kuzigeuza. Nilikohoa.

"Nilikuwa napangusa vumbi," alisema.

"Pangusa tu, Mwalimu."

Alizikusanya bila haraka. Halafu akauliza, kama mtu anayeulizia hali ya hewa, "Binti yangu, wewe unajua maana zake?"

"Mimi nakata tu. Maana anajua Madam."

"Naam," alisema. "Lakini picha ni picha. Nimefundisha watoto kusoma picha miaka yangu yote. Picha nzuri haihitaji maelezo."

Mimi ndiye niliyepaka vanishi, kwa hiyo mimi ndiye niliyeona. Karata zote zilikuwa na matunda saba kwenye kila tawi, yamekaa palepale, na moja tu ilikuwa na la nane, dogo, karibu na shina, mahali ambapo asingeliona mtu asiyejua kutafuta. Niliigeuza. Ilikuwa picha ya mzee amesimama peke yake juu ya mlima, ndevu nyeupe, koti refu la kijivu, fimbo mkono mmoja na taa inayowaka mkono mwingine, ameinamisha kichwa.

Nilicheka peke yangu hadi nikapangusa macho. Katika karata sabini na nane, alikuwa amejichagua mwenyewe! Koti lilikuwa lake, hata kile kichwa kilichoinama kilikuwa chake. Na ile taa niliielewa pia, kwa sababu nilikuwa nimesikia mahubiri yake kuhusu taa zaidi ya mara moja: heri anayekesha, heri anayengoja na mafuta yake hayajaisha. Kwa mzee wa kanisa hapakuwa na cha kufafanua. Huyu hapa mtu, yuko macho, taa yake inawaka, anakungoja, baki. Mama angevuta ile karata, mkono wake ukiongozwa na lile tunda bila yeye kujua, na angeelewa. Nilipaka vanishi tabaka mbili, nikazifunga vizuri, nikamwombea Mungu amsamehe mtumishi wake kwa uganga huo mdogo.

Mama alizichukua, Jumapili ikapita, akarudi Jumatatu. Mwalimu hakuwepo, alikuwa amekwenda mazishi ya jamaa yake huko Magharibi, na mazishi ya huko hayana haraka kama yetu. Niliona furaha usoni mwa mama, au nilidhani ni furaha.

"Karata zimesema?" nilimuuliza.

"Zimesema. Kila asubuhi ni yule yule. Yule mzee na taa."

"Si nilijua!" Nilipiga makofi. "Kwa hivyo unakaa."

Alinitazama kwa mshangao. "Nakaa? Hapana, mami. Huyo ni mkaa pweke. Huyo ameachana na watu wote, amepanda mlima yake, anataka kimya. Akitoka anakuambia shika njia, enda peke yako, wachana na hawa. Hakuna karata inasema 'enda' kuliko hiyo."

Alitazama kiti cha Mwalimu kwa muda mrefu, akaweka parachichi moja juu yake.

"Mwambie Mwalimu asante. Mwambie nimesikia."

Nilidhani ni adabu tu, yale mambo watu husema wanapoaga. Aliuza nyumba, akaondoka kabla ya mvua. Mwalimu alirudi na kuniuliza mama alisema nini kuhusu karata. Nilimwambia alisema asante na kwamba amesikia. Maana ya yule mzee wa mlimani sikumwambia. Alikuwa ameshika lile parachichi, lililokuwa limeiva kupita kiasi, akila kwa kijiko bila chumvi.

Aliendelea kuchora migongo kwa muda. Watu wa Loresho walitaka mawingu mwaka ule, na aliwapa mawingu. Kisha macho yakaanza kumsumbua, akapunguza kuja, na mwishowe tukawa tunapeana salamu kwa simu. Tai hakuvaa tena ila Jumapili.

Juzi juzi nilimkuta mjini, bustani ya Jeevanjee, ameketi kwenye benchi anamsikiliza mhubiri wa pale na kutikisa kichwa kila mhubiri alipokosea aya. Nilikaa. Tuliulizana habari za magoti na za watoto. Alikuwa amekonda, lakini kola ilikuwa safi. Bila mimi kuuliza, alisema:

"Madam alinipigia simu."

"Kweli? Wiki hii?"

"Jumapili, baada ya ibada. Mjukuu alimshikia simu." Alikunja leso yake ikawa ndogo. "Aliniambia kitu, binti yangu. Aliniambia kwamba wiki ile hakuvuta karata hata moja. Asubuhi ya kwanza alizifungua, akaliona lile tunda kabla hajazichanganya. Akasema, 'Mwalimu, nimezaliwa kwenye kahawa, utaongeza tunda moja nisilione?' Akaigeuza. Akajua ni mimi nimeitia alama."

Mhubiri alikuwa amefika mahali pa kupaza sauti, tukangoja amalize.

"Akasema miaka yote ile alikuwa anangoja mtu mmoja tu amwambie abaki. Si watoto wala dada zake. Mtu mmoja. Na alipoona nimemwandikia aende, na kwa upole vile, bila kumwaibisha mbele ya watu, hakutaka kunipa shida. Akaenda. Alipiga ili anishukuru."

Nilimshika mkono. Ulikuwa mwepesi.

"Na wewe, Mwalimu? Ukamwambia ulimaanisha nini?"

Alimtazama mhubiri, kisha watu, kisha viatu vyake.

"Nilimuuliza kama huko kuna baridi," alisema.